Milo Mingapi Mpaka Frankfurt

"Dubu," yule mtu alisema. "Kitu cha kwanza unachokiona pale uwanja wa Anchorage, Alaska, ni dubu. Mweupe, mkubwa kuliko mlango huu. Kasimama ndani ya kabati la kioo, kafa zamani, kajazwa majani tumboni, lakini macho yake bwana wee, utadhani anakudai."

"Halafu?" Wakui aliuliza.

"Halafu harufu. Umeshuka kwenye ndege, miguu imevimba, masikio yanavuma, nje barafu tupu. Mara unasikia mchuzi wa udon, zile tambi zetu nene. Mchuzi wa nyumbani kabisa! Nikafuata pua. Nakuta Wajapani kibao wamepanga foleni mbele ya kibanda kimoja, wengine na suti zao, wote wanameza mate."

"Bei?"

"Wizi mtupu." Yule mtu akacheka. "Lakini nani alijali? Kulikuwa na mama mmoja kajifunga kitambaa kichwani, yeye ndiye anachota. Akanipa bakuli langu, akaniambia, 'Kunywa mchuzi wote mwanangu, huko unakokwenda ni mikate tu.' Nikanywa. Nikalia. Mwanaume mzima, miaka ishirini na mbili, nalilia ndani ya bakuli la tambi."

Macho yake yalikuwa yamelowa. Wakui alimwangalia kwa makini. Kabla ya kustaafu na kufungua kiofisi chake cha upelelezi, alikuwa polisi pale uwanja wa ndege wa Narita kwa miaka thelathini, na machozi ya uongo alishayaona ya kila aina. Ya wabeba dawa, ya walioiba saa, ya waume waliokamatwa na hawara kwenye foleni ya pasipoti. Haya hayakuwa ya uongo.

Na Wakui mwenyewe aliwahi kuuonja ule mchuzi. Mwaka themanini na saba alitumwa Hamburg kumchukua mwizi mmoja wa vito, wakarudi wamefungwa pingu pamoja, na pale Anchorage ikabidi wale udon hivyohivyo. Mwizi akiinua vijiti, mkono wa Wakui unakwenda juu. Wakui akiinua bakuli, mwizi anamwagikiwa. Walicheka mpaka wakasahau nani anamkamata nani.

"Basi," Wakui alisema, akafunga daftari ambamo hakuwa ameandika kitu. "Asante, Bwana Takuma."

"Umeridhika?"

"Nina njaa," Wakui alijibu.

Walikuwa wamekaa kwenye mkeka, chumba cha kulia cha nyumba ya wageni ya Orihara, uchochoro wa nyuma ya hekalu, hapohapo Narita. Juu ya paa ndege zilikuwa zinashuka moja baada ya nyingine, vikombe vinatetemeka kidogo, na hakuna hata mmoja aliyeinua kichwa. Watu wa pale walishazoea.

Sasa hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Wiki tatu nyuma mtu huyu alifika mlangoni na begi moja, akapiga magoti palepale penye viatu, akasema, "Mama, ni mimi Takuma. Nimerudi." Takuma Orihara, kijana wa nyumba hii, aliondoka Machi ya themanini na tatu kwenda kupika kwenye mgahawa wa Kijapani mjini Düsseldorf, Ujerumani. Aliandika barua miaka minane, halafu kimya. Kimya cha miaka zaidi ya thelathini! Mama yake, Bi Kinu, alikuwa na miaka themanini na sita na macho yamebakia ya kuona mwanga na kivuli tu. Alimshika yule mtu uso, akampapasa masikio, akasema ingia ndani, umekonda. Kesho yake akatangaza: Jumatatu ya tarehe ishirini na tatu anaitwa mwanasheria, anapiga muhuri, nyumba na biashara vinakwenda kwa mtoto wa kiume wa kwanza, kama ilivyokuwa kwa baba na babu.

Mitsue, binti yake, hakuulizwa. Mitsue ambaye ndiye aliyekuwa anafua mashuka, anapika, anasugua bafu la wageni na kumpeleka mama hospitali tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Ndiye aliyemfuata Wakui.

"Kama ni kaka yangu kweli, apewe," alimwambia siku ile. "Mimi nitaendelea kupika, nimezoea. Lakini kama siye, nataka nijue kabla muhuri haujagusa karatasi. Maana akiwa siye, mimi nitakuwa kijakazi wa mtu nisiyemjua kwenye nyumba niliyozaliwa."

"Kwani nini kimekutia wasiwasi, dada?"

"Mlango wa bafu."

"Mlango wa bafu umefanyaje?"

"Lazima uunyanyue kidogo ndio usogee. Tangu enzi za babu uko hivyo. Sisi wote tunaunyanyua bila kufikiri. Yeye aliuvuta. Akauvuta tena. Akaniita nimfungulie."

Wakui alimwambia ukweli: mlango siyo ushahidi. Miaka arobaini mkono unasahau. Na kila alichokichunguza baada ya hapo kilikuwa safi. Pasipoti ya huyu mtu imeandikwa Orihara Takuma, imekuwa ikihuishwa ubalozini kila inapokwisha. Jina la mbwa wa zamani alilijua. Makovu ya moto anayo mikononi, lakini mpishi gani hana makovu ya moto? Kupima damu ndiyo kabisa, hakusaidii kitu, kwa sababu Takuma hakuzaliwa na Bi Kinu. Alikuwa mtoto wa mpishi wao wa zamani. Baba yake alipofariki wakamchukua akiwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea, wakamwandikisha kama wao.

Ilikuwa Ijumaa. Zimebaki siku mbili na udon imemshawishi hata mpelelezi.

*

"Afande! Bado hujafa?"

"Nakusubiri utangulie, dada, ukanionyeshe mlango wa dharura uko wapi."

Bi Sonobe alicheka kwa sauti ya kuzidi kelele za mashine ya kahawa. Siku zile alikuwa mhudumu wa ndege, kiuno chembamba, kofia ndogo upande. Siku hizi ana mgahawa nyuma ya stesheni na nywele kazipaka zambarau. Wakui aliketi kwenye kiti chake cha siku zote na kuagiza mkate wa yai.

"Nieleze habari za Anchorage," alisema.

"Mtu akiniuliza Anchorage najua kazeeka." Lakini tayari alikuwa ameacha kitambaa mezani na macho yamekwenda mbali. "Ah, Wakui. Tulikuwa tunawashusha pale wamenuna kama watoto walioamshwa, wakirudi wanatabasamu, midomo inang'aa mafuta. Ndege nzima inanuka mchuzi. Siku hizi mtu anapanda, anaweka vitu masikioni, anashuka. Hata hajui amepita juu ya nini."

"Kulikuwa na njia nyingine? Ya kwenda Ulaya, mwaka themanini na tatu?"

"Kwani wewe hukusoma jiografia? Nitolee hapo." Akachukua chungwa kwenye kikapu, akavuta uzi uliokuwa unaning'inia kwenye aproni yake. "Kidole chako hapa. Hii Tokyo. Huku Frankfurt, Ujerumani. Uzi ukinyooka unapita juu ya Urusi, kilomita elfu tisa na kitu. Rahisi! Lakini wakati ule Mrusi alibana anga yake. Ndege chache tu anaziruhusu, na lazima zitue Moscow kwanza. Kwa hiyo sisi wengine tunapanda juu huku, Alaska, tunajaza mafuta, mnakula udon zenu, halafu tunapita utosini pa dunia na kushukia Ulaya. Elfu kumi na tatu. Ukiondoka usiku, kesho yake mchana kwa saa ya hapa umeshafika. Masaa kumi na saba, kumi na nane hivi."

"Na watu wote walipita huko?"

"Wenye mshahara. Wa makampuni, wa fungate, maprofesa." Ukucha wake ukashuka tumboni mwa chungwa. "Wasio na kitu walipita kusini. Hong Kong, Bangkok, Karachi, Uarabuni, ndiyo Ulaya. Kwenye ramani ni kama elfu kumi na tano, siyo tofauti ya kutisha. Kinachoua siyo kilomita, ni kusubiri. Unashushwa Bangkok, subiri. Unashushwa Karachi, lala kwenye benchi, begi ndiyo mto. Mtu anafika soksi zimeganda mguuni. Lakini tiketi nusu ya bei! Walikuwa wanafunzi, wachoraji, wapishi..."

"Wapishi?"

"Wapishi ndiyo hasa. Kijana wa jikoni atoe wapi hela ya kupita utosini pa dunia?"

Wakui aliacha kutafuna.

"Huyu mtu wangu kamwona dubu," alisema taratibu.

"Dubu kila mtu kamwona, afande. Dubu yuko kwenye magazeti, yuko kwenye vipindi vya enzi zetu. Mume wangu hajapanda ndege maisha yake yote, lakini mpe bia mbili anakusimulia utamu wa ule mchuzi."

"Huyu alilia."

Bi Sonobe akamtazama. Akamenya lile chungwa, akampa nusu.

"Kama alilia, aliunywa," alisema. "Sasa kazi yako ni moja tu. Mtoto wa Bi Kinu alipita wapi?"

Hilo ndilo halikuwa na mtu wa kuulizwa. Wakui alipiga simu mchana kutwa. Wakala aliyeuza tiketi alishafunga duka zamani, karatasi za mashirika zilishachomwa. Baba wa nyumba ile alikuwa makaburini. Bi Kinu mwenyewe alipoulizwa alisema, "Alipanda ndege, baba. Mimi ndege najua inaondoka na inarudi. Inakopita ni kazi ya rubani."

*

Jumamosi asubuhi Wakui alimkuta Mitsue jikoni anamenya magimbi. Mikono inamwasha, anajikuna kwa nyuma ya kisu.

"Yeye ndiye kaomba?" Wakui aliuliza.

"Mama ndiye kaagiza. Chakula alichokuwa anakipenda Takuma. Wiki tatu sasa ni magimbi, magimbi, magimbi." Alitupa gimbi kwenye sufuria kwa hasira. "Na huyo bwana anayala, anasifu, anafunga macho. Anasema ameyangojea miaka arobaini."

"Na wewe?"

"Mimi nini?"

"Jana nilikaa hapa mchana. Ulipakua sahani tatu. Yako haikuwa na magimbi."

"Sili magimbi mimi. Tangu utoto."

"Yanakudhuru?"

"Hapana." Mara akacheka, peke yake, cheko la mtu aliyekumbuka kitu cha kijinga. "Ni huyohuyo Takuma kaniharibia. Alivyosafiri."

Wakui akavuta kigoda. "Hebu nieleze."

"Si unajua mama zetu. Mtu akisafiri anapangiwa sinia lake. Basi mama aliapa: mpaka Takuma apige simu kwamba amefika, kila mlo sinia linakaa mahali pake. Wali, supu ya miso, magimbi. Tukimaliza kula, mama anafunua bakuli la supu, anaangalia ndani ya mfuniko. Pakiwa na matone ya mvuke, mtoto mzima huko aliko. Anapumua. Halafu chakula hakitupwi, ni mkosi. Nani anakila? Mdogo wa nyumba. Mimi, miaka tisa."

"Ukala."

"Nikala changu na cha kaka. Aliondoka jioni, ile Ijumaa. Usiku ule nilifurahi, nikasema kumbe kaka akisafiri kuna faida! Asubuhi nikala. Mchana nikala. Jioni nikaanza kulia. Asubuhi ya Jumapili lile gimbi la kwanza tu, nikatapika kwenye miguu ya baba. Ndiyo simu ikalia, kila mtu akakimbilia simu, mimi nikaachwa na matapishi yangu."

Wakui alihesabu kwa vidole. Maji ya sufuria yalianza kuchemka, hakuna aliyeyagusa.

"Dada Mitsue. Aliondoka Ijumaa jioni."

"Ndiyo. Tulimsindikiza, jua linazama."

"Akapiga simu Jumapili, baada ya chai."

"Ndiyo nakwambia. Masinia matano. Tumbo langu halisahau."

"Labda alifika mapema, akachelewa kupiga. Alilala. Alikosa sarafu. Kijana yuko ugenini."

"Thubutu! Mama alimfunga sarafu za Kijerumani kwenye leso, kazipata kwa kubembeleza mgeni mmoja hapa hotelini. Alimwambia, kabla hujatoka mlango wa uwanja wa ndege, piga. Na alipigia palepale Frankfurt, kabla ya kupanda treni ya Düsseldorf, nilisikia matangazo ya ndege nyuma yake. Nilipewa simu mimi pia."

"Akakwambia nini?"

"Utoto tu." Akapunguza moto. "Akasema, 'Mitsu, nimeona ngamia dirishani.' Bwana Wakui, niliringa shule nzima! Kaka yangu kaona ngamia Ujerumani! Mwalimu akacheka, darasa likacheka, Ujerumani hakuna ngamia. Wakaniita Ngamia mpaka namaliza darasa la sita. Baadaye nikajua alikuwa ananitania tu."

Wakui alisimama, akachukua upawa bila sababu, akaurudisha.

"Hakukutania," alisema. "Huyu kaka yako aliyeko uani, alikwambia kuhusu dubu?"

"Dubu gani?"

*

Yule mtu alikuwa uani, anafagia majani ya njano. Alifagia vizuri, kwa utaratibu, kila fungu dogo pembeni ya jiwe. Wakui alikaa ukingoni mwa baraza, nyuma yake mlango wa karatasi wa chumba cha Bi Kinu, umefungwa. Mitsue alisimama kwenye nguzo, aproni bado mbichi.

"Bwana Takuma. Yule ngamia ulimwona wapi?"

Ufagio ulisimama.

Ndege ilipita juu, chini sana, kivuli chake kikavuka ua na kupanda ukuta. Walisubiri ipite kama watu wa Narita wanavyosubiri, bila kubadilisha uso.

"Ngamia," yule mtu alisema.

"Takuma alikaa njiani karibu siku mbili. Mdogo wake alikula milo mitano kwa niaba yake. Kwa anayepita Anchorage ni milo mitatu, akichelewa sana. Na alipofika Frankfurt alimsimulia ngamia, hakumsimulia dubu. Alipita kusini, Karachi na huko Uarabuni. Udon hakuiona wala hakuinusa." Wakui alisema pole pole, hana haraka. "Jana ulipolia niliamini. Bado naamini. Ulikunywa ule mchuzi. Ndiyo maana najua siyo wewe."

Yule mtu aliweka ufagio chini kama kitu cha kuvunjika. Halafu akakaa palepale kwenye majani yake.

"'Dubu wako kafa,'" alisema. "Ndivyo alivyokuwa ananibishia. Kila tukilewa. 'Wewe Haruo dubu wako kafa, kajazwa majani. Wangu ngamia anatembea.'" Akajifuta pua kwa mkono. "Mimi naitwa Nomizu Haruo. Tulikuwa jiko moja, chumba kimoja, kitanda cha juu na cha chini, ila mimi tiketi nililipiwa na mwenye mgahawa, yeye alijilipia. Ulivyoniuliza safari, nilijiandaa kusema ngamia. Naapa. Nimeirudia ile hadithi ndege nzima ya kuja. Lakini ulipotaja Anchorage tu ile harufu ikanijia, nikasahau kwamba mimi ni yeye."

"Yuko wapi kaka yangu?" Mitsue aliuliza. Sauti haikupanda.

"Alikufa, dada. Februari ya tisini na mbili. Mapafu. Kibali chake cha kukaa kilikuwa kimekwisha, bima hana, hospitali wasingempokea bila makaratasi. Nikampa kadi yangu. Sura za Kijapani, wale hawatofautishi. Kaingia kama Nomizu Haruo, nikasema akipona tunacheka. Hakupona." Akavuta pumzi. "Wakaandika amekufa Nomizu Haruo. Mimi nikabaki hai bila jina, na mfukoni nina pasipoti yake. Ningesema, ningefungwa. Nilikuwa mwoga. Nikaihuisha pasipoti kwa picha yangu, nikawa Takuma. Mimi sina mtu, hakuna aliyeniuliza. Yeye alikuwa na ninyi."

"Na nyumba?" Wakui aliuliza. "Jumatatu?"

"Sikuja kwa ajili ya nyumba! Nilikuja kuonja magimbi. Miaka tisa mtu anakusimulia magimbi ya mama yake, mpaka unayaota. Nilitaka nile mara moja, niseme ukweli, niondoke. Halafu mama akanishika masikio. Nikashindwa. Kesho nikasema kesho. Akaja na habari za muhuri, nikashindwa zaidi."

Nyuma ya Wakui mlango wa karatasi ukasogea.

Bi Kinu alikuwa amekaa magotini, karibu kabisa na mlango, kama mtu aliyekaa hapo muda. Mitsue akaruka kwenda kumshika, mama akamzuia kwa kiganja.

"Mama," Wakui alisema, "ulikuwa unajua?"

"Sikujua, baba. Nilitaka iwe." Akageuza uso kuelekea uani, kwenye kile kivuli kilichokaa kwenye majani. "Aliumia?"

"Mwisho hakuumia, mama. Alikuwa anaongea. Alikuwa anakuagiza utie chumvi kidogo."

"Mpishi mzima bado ananifundisha chumvi." Akashika ukingo wa mlango. "Kalala wapi?"

"Düsseldorf. Majivu yake yamezikwa kwenye makaburi ya mjini, chini ya mti. Nimelilipia lile kaburi miaka yote lisifukuliwe. Lakini jiwe lina jina langu."

Ndege nyingine ikapita. Bi Kinu ndiye wa kwanza kuinua kichwa, kama vile angeiona.

"Siku hizi ni mbali?" aliuliza. "Kutoka huko mpaka hapa."

Wakui alikohoa. Hili alilijua, alikuwa amelizungumza na Bi Sonobe jana hiyohiyo, nusu chungwa mkononi.

"Kuna kipindi ilikuwa karibu, mama. Walifungua anga ya Urusi, masaa kumi na mbili tu. Sasa kuna vita, imefungwa tena. Kwenda, ndege inapita juu kulekule Alaska na karibu na Ncha ya Kaskazini, masaa kumi na nne hivi. Haisimami tena, udon hakuna. Kurudi inasukumwa na upepo, inapita chini, Uturuki, Asia ya Kati, China. Kumi na tatu."

"Chini, ndiyo kusini?"

"Kusini, mama."

"Njia yake aliyokwendea."

"Karibu na hiyo."

Bi Kinu akachezesha vidole kwenye goti, kimoja kimoja, kama anahesabu mboga sokoni.

"Jumatatu mwanasheria aje kama nilivyosema," alisema. "Muhuri upo. Mitsue, jina litakaloandikwa ni lako. Ningefanya zamani, nilikuwa nasubiri mtu." Mitsue alifungua mdomo, mama akaendelea. "Na wewe, Haruo. Utakwenda na huyu polisi kwa hao wakubwa wao, useme jina lako na useme jina lake. Wakufunge wasikufunge, wakikuachia unakwenda kumleta. Wewe ndiye unayejua mti ni upi."

"Ndiyo, mama." Alikuwa ameinamisha uso mpaka majani yanamgusa paji.

"Itachukua muda, mama," Wakui alisema. "Taratibu za makaburi za kule, vibali, ubalozi..."

"Nimekaa miaka arobaini, nitashindwa miezi? Mitsue, lete chakula, huyu mtoto hajala."

Sinia lilikuja. Wali, magimbi yanatoa moshi, bakuli la supu lenye mfuniko wake mwekundu uliochubuka. Bi Kinu akasema liwekwe mbele yake kwanza. Akapapasa, akafunua supu, akapitisha kidole ndani ya mfuniko, kuzunguka. Kidole kikatoka kimelowa.

"Huyu anapumua," alisema. "Ale."

Haruo alikula. Hakusifu safari hii, alikula tu, na machozi yakawa yanaingia kwenye wali, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Mitsue alikaa pembeni yake. Baada ya muda akamsogezea achari ya figili.

"Mlango wa bafu," alimwambia, bila kumtazama. "Unaunyanyua kwanza. Ndiyo unauvuta."

"Asante, dada."

"Sasa sikilizeni," Bi Kinu alisema. "Kwenda ni masaa kumi na nne, hiyo ni milo miwili, tuseme mitatu, sinia moja. Kurudi ni milo miwili, lakini masinia mawili kila mlo. La anayeletwa na la anayemleta. Wote wanasafiri."

Mitsue alipiga hesabu na uso ukamwanguka. "Mama! Na nani atayala? Mimi siwezi. Nakwambia kabisa, siwezi hata moja."

Bi Kinu akageuza kichwa taratibu mpaka akakuta upande uliokuwa na pumzi ya Wakui.

"We polisi. Unakula magimbi?"

Wakui akaitazama sufuria. "Nakula, mama."

"Basi wewe usisafiri."